Kumuaga Mama Faili, Aliyekataa Kutoa Fomu ya Njano

Baba Paroko, mwenye nyumba hii na mwenye funguo za ukumbi huu, Mheshimiwa Padre, mwakilishi wa Baba Askofu, uliyekubali kukaa kwenye kiti kinachoyumba bila kulalamika, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei, ambaye pia ni baba yangu mzazi, Katekista wetu, masista, viongozi wa jumuiya, wanakwaya, ndugu zangu mliotoka ghalani, ambao mmekaa karibu na mlango kana kwamba jengo litawaka moto wakati wowote, Bibi, Mama yangu, mume wangu mpenzi, na wewe, mgeni wa heshima, karani wetu, Mama Faili, ambaye leo kwa mara ya kwanza tunakuona mzima mzima na si kichwa na mabega nyuma ya dirisha la ofisi: Tumsifu Yesu Kristo!

Asanteni. Upande wa mlangoni mmeitikia kwa nguvu kuliko upande wa mbele. Nimelisikia hilo, na wengine wamelisikia.

Ndugu wageni waalikwa, parokia hii ina utaratibu wake. Mtumishi wa ofisi akistaafu, anayetoa neno la shukrani ni mwanandoa aliyefunga ndoa karibuni kuliko wote, kwa sababu karatasi zake ndizo za mwisho kupita mikononi mwa anayeondoka. Zamu hiyo imeniangukia mimi. Nina wiki kumi na moja za ndoa. Kwenye ratiba, Mwenyekiti ameniandikia dakika saba, na pembeni ameongeza kwa mkono wake, "shukrani tu." Basi nitashukuru. Lakini kumshukuru Mama Faili bila kusema alichonifanyia ni sawa na kumshukuru mpishi bila kugusa sahani, na alichonifanyia hakisemeki kwa dakika saba wala hakisemeki kwa upole.

Nianze na furaha, maana ninayo tele. Mimi ni mke wa mtu! Wiki kumi na moja, na bado nikisikia funguo zake mlangoni naacha ninachofanya, hata kama ni kitunguu kwenye mafuta, na vitunguu vingi vimeungua nyumbani kwetu. Mume wangu ni fundi wa majokofu na feni. Anajua kusikiliza mashine. Anaweka kiganja juu ya jokofu la mtu, anafumba macho, anasema, "Huyu anachoka upande wa kushoto," na kweli inakuwa kushoto. Mimi nami ananisikiliza hivyo hivyo. Nikinyamaza dakika mbili tu, anaweka kiganja begani kwangu na kuuliza, "Nini kinachoka?" Akina dada ambao hamjaolewa, msikubali chini ya hapo.

Tulikutana dukani. Mimi nafanya kazi kwenye duka la kunakili na kuchapisha, lile lililotazamana na kituo cha mafuta. Alikuja na kijitabu cha Misa ya Kilatini, kurasa nyingi, karatasi laini kama ganda la kitunguu, akataka nakala arobaini. Mashine ikakwama katikati. Nikafungua mlango wa nyuma wa mashine, kurasa zikamwagika sakafuni, zote bila namba. Sasa mimi Kilatini nitakijulia wapi? Nikazipanga kwa kukisia, nikabana pini, nikamkabidhi huku nikitabasamu.

Jumatatu akarudi na vijitabu vyote arobaini kwenye mfuko. Nikajua nimekwisha. Akaviweka mezani taratibu, akasema, "Dada, jana umetupeleka nyumbani kabla ya Komunyo."

"Nimewapeleka vipi?"

"Tumetoka Nasadiki tukaangukia kwenye baraka ya mwisho. Mjomba wangu, ndiye anayepiga kengele, amepiga mara tatu mahali ambapo hakuna anayejua kwa nini. Watu wazima wanapekua karatasi kama wanatafuta hati ya kiwanja. Bibi yangu peke yake ndiye aliyeendelea, maana anaijua kwa kichwa."

"Na padre?"

"Padre alisoma kwenye kitabu chake. Alikuwa anatushangaa tu."

Hakunidai. Hakunitukana. Alivuta stuli, akakaa upande wangu wa kaunta, akanionyesha kinachotangulia na kinachofuata, ukurasa kwa ukurasa, na mimi nikawa natoa pini za zamani na kubana mpya. Ilichukua mchana mzima. Tulipofika kijitabu cha thelathini na kitu, nilikuwa nafanya polepole makusudi.

Sasa, Mheshimiwa Padre, wewe si mwenyeji sana hapa, kwa hiyo nieleze ghala ni nini. Nyuma ya karakana ya matairi, dakika nne kwa miguu kutoka geti la kanisa hili, kuna ghala la bati. Miaka kumi na mitano iliyopita familia kumi na kitu za parokia hii zilianza kusali humo kwa namna ya zamani: Kilatini, padre akielekea altare, wanawake wakiwa na shela kichwani. Padre wao huja mara moja kwa mwezi kutoka mbali. Jumapili nyingine wanasali rozari wenyewe, wakiongozwa na mjomba wa mume wangu, ambaye wote hapa mnamwita Mjomba Kengele. Na kwa miaka hiyo kumi na mitano, huku kwetu, kwenye baraza hili la kanisa, kwenye jumuiya, kwenye foleni ya maji, watu wa ghala wana jina moja. Wafarakano. Waliojitenga.

Mimi mwenyewe nimelitumia jina hilo. Nikiwa darasa la Kipaimara, tulikuwa tukipita pale tunainua mkono puani kana kwamba kuna harufu. Nakiri hapa mbele yenu, kabla sijamkasirikia mtu mwingine.

Tulipoandikisha ndoa, yalisomwa matangazo. Jumapili ya kwanza, shwari. Jumapili ya pili, baada ya Misa, bahasha ikaingia dirishani kwa Mama Faili. Aliniita Jumatatu, akanisogezea karatasi. Mwandiko niliujua kabla sijasoma jina, herufi zile zinazoegemea kulia kama watu wanaosukumwa na upepo. Ndio mwandiko ulionitilia sahihi kwenye ripoti zangu zote za shule. Ulisema hivi: "Napinga ndoa hii kwa kuwa mwanamume huyo ni wa kundi lililojitenga na Kanisa, na kwa hiyo si Mkatoliki. Atendewe kama asiye Mkatoliki."

Ndugu zangu, nilikwenda nyumbani nikamkuta Baba anakunywa chai.

"Baba, umeandika nini?"

"Nimeandika ukweli."

"Ukweli gani? Amebatizwa hapa hapa."

"Alibatizwa, akaondoka."

"Ameondoka kwenda wapi? Karakana ya matairi?"

"Binti, farakano halipimwi kwa hatua."

"Linapimwa kwa nini, Baba?"

Akakoroga chai. Chai haikuwa na sukari, Baba hatumii sukari, lakini aliikoroga mpaka Mama akamwambia, "Utatoboa kikombe."

Mwenyekiti, unaniangalia. Niangalie tu. Nimekuwa mtoto wako kwa miaka ishirini na sita, nami ninajua kwa nini uliandika, na nitalisema kwa haki yako kabla ya kulisema kwa haki yangu. Wewe na Mjomba Kengele mlitumikia altare pamoja mkiwa wadogo. Mlikuwa mnagawana kengele, huyu Jumapili hii, huyu Jumapili ijayo. Kisha mama yako akafariki, bibi yangu, na siku ya maziko Misa ikasomwa kanisani kwetu, kwa lugha yetu, kwa nyimbo alizozipenda. Na rafiki yako akafika mpaka getini, akasimama nje, akasali rozari yake huko huko, kwa sababu alisema Misa ya namna hii dhamiri haimruhusu. Jeneza la mama yako lilipita mbele yake na yeye yuko upande wa pili wa chuma. Nilikuwa nimekushika mkono, Baba. Kama nilikuwa na haki ya kumchukia mtu yeyote maishani mwangu, ni yule aliyesimama getini siku ile.

Naam, Mjomba. Wewe. Usiangalie feni, feni imetengenezwa na mpwa wako na haina tatizo.

Lakini aliyeoa si Mjomba! Aliyeoa ni kijana ambaye ghala lilipoanza alikuwa shule ya msingi, aliyeshikwa mkono na Bibi yake akapelekwa. Je, hasira ya mtu na rafiki yake inatolewa kwenye ndoa ya mtoto? Je, kidonda cha maziko kinageuzwa kuwa fundisho la Kanisa, kikatiwa sahihi, kikawekwa kwenye bahasha?

Katekista akafuata kilichoandikwa. Simlaumu sana, alipewa agizo na Mwenyekiti. Tukaitwa ofisini, mimi na mchumba wangu, akiwa amevaa shati alilolinyoosha mwenyewe, na Katekista akasema apewe fomu ya njano. Kwa wageni: fomu nyeupe ni ya Wakatoliki wawili. Fomu ya njano ni ya ndoa ya mseto, ambamo asiye Mkatoliki anakubali kwa sahihi kwamba amejulishwa mwenzake ataahidi kuwalea watoto katika imani Katoliki. Fomu ya njano ni nzuri kwa kazi yake, na wapo humu ndani wanandoa wema walioijaza. Lakini kumpa mtu aliyesali rozari asubuhi hiyo hiyo, aliyefunga Ijumaa zake zote, aliyebatizwa mita thelathini kutoka pale alipokaa, kumwambia ajulishwe kwamba watoto watakuwa Wakatoliki kana kwamba yeye ni mgeni wa jambo hilo! Nilimwona mume wangu akishika ukingo wa meza.

Hapo ndipo Mama Faili alipovua miwani.

"Siitoi," alisema.

Katekista akasema, "Mama, ni maagizo ya Mwenyekiti."

"Mwenyekiti ana kiti. Mimi nina vitabu. Huyu nilimwandika mimi."

Akainuka, na wote mnajua goti lake, akaenda kwenye kabati la chuma, akatoa kitabu cha ubatizo, kile chenye mgongo uliobandikwa plasta. Hakutafuta. Alifungua mahali, mara moja, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chake. Jina la mtoto. Wazazi. Wasimamizi. Tarehe. Mwandiko wake wa ujana, wa mviringo. Kisha akaweka kidole kwenye pambizo, ile nafasi nyembamba pembeni ya ukurasa, ambako huandikwa mambo yote yanayompata Mkatoliki baada ya ubatizo: kipaimara, ndoa, upadre. Palikuwa na mstari mmoja tu, kipaimara.

"Mtu akiliacha Kanisa na ikathibitishwa," alisema, "habari inakuja kwangu, na mimi ndiye ninayeandika hapa. Miaka thelathini na minne. Niambie, Katekista, nimeandika?"

"Hujaandika, Mama."

"Basi hajaondoka."

Ee, jamani! Kama si ile meza ningemrukia shingoni. Nilikaa pale nikalia, na mchumba wangu akalia, na Katekista akasema naye ana mafua.

Lakini Mama Faili si mtu wa kumaliza jambo kwa sentensi nzuri. Alisema, "Hivi ndivyo kitabu changu kinavyosema. Kinachosema Kanisa, tutauliza wenye kusema." Akanakili ukurasa kwa mkono, maana kitabu hakitoki ofisini hata kwa mvua ya mawe, akapiga mhuri, akafunga ofisi saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuna anayekumbuka aliwahi kulifanya, na tukapanda basi watatu hadi ofisi ya Baba Askofu. Mbele ya Padre huyu huyu mnayemwona.

Mheshimiwa Padre, ulitupokea vizuri, na naomba ruhusa nikunukuu, maana humu ndani watu wamekuwa wakikunukuu na wao hawakuwepo. Ulimuuliza mchumba wangu, "Farakano ni kukataa kujiweka chini ya Baba Mtakatifu, au kukataa ushirika na wale walio chini yake. Wewe, kijana, unakataa?"

"Sikatai, Padre."

"Kule kwenu mnamwombea Baba Mtakatifu?"

"Kila Misa, kwa jina lake. Na Baba Askofu kwa jina lake. Bibi anawaombea hata siku anazosema wamekosea. Siku hizo ndiyo anaongeza."

Ukacheka, kisha ukaacha kucheka. Ukasema kwamba padre anayekuja ghalani hana kibali cha Askofu, na kwamba hilo ni kosa, na hukulifunika. Ukasema hali yao haijanyooka. Ukasema pia kwamba wapo wanaosali Kilatini kwa ruhusa kamili na hakuna mwenye neno nao, na wapo mahali pengine wanaodai hakuna Baba Mtakatifu tena, na hao ni habari nyingine kabisa. Ulisema hata wakubwa zako wenye elimu hubishana juu ya hao wa katikati. "Lakini hali isiyonyooka ni kitu kimoja," ulisema, "na farakano ni kitu kingine, na mtu mmoja mmoja hahukumiwi kwa paa alilosali chini yake. Huyu ni Mkatoliki. Fomu nyeupe. Nendeni mkaoane."

Tulirudi na barua ya Askofu. Ndoa ikafungwa. Na mngetegemea hapa nifike kwenye keki.

Sifiki kwenye keki. Nafika getini.

Siku ya harusi yangu, siku ambayo msichana anaiota tangu anafunga shuka kichwani kama shela, nilishuka kwenye gari nikakuta watu kumi na wawili wamesimama nje ya geti na rozari. Ndugu wa mume wangu. Mjomba Kengele mbele yao, na mwavuli wa jua. Walikuwa wamevaa vizuri, viatu vinang'aa. Walikuja harusini, wasiingie harusini!

"Mjomba, karibu ndani," nilisema, nikiwa na maua mkononi.

"Tunakuombea tukiwa hapa, binti."

"Jua ni kali."

"Tumelizoea."

Umelizoea, Mjomba? Ulimzoesha Baba yangu maumivu yale miaka iliyopita, ukaona haitoshi, ukaja kusimama kwenye alama zile zile za viatu vyako? Ndoa ambayo Askofu ameibariki kwa barua, padre halali anaisimamia, mpwa wako wa damu anafunga, na wewe dhamiri yako inaishia kwenye komeo la geti? Halafu ukiitwa mfarakano unakasirika!

Nikaingia. Nikaingia na Mama, mkono kwa mkono, kwa sababu Mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei alikuwa amekaa benchi la tatu, pembeni, na hakuinuka. Wiki tatu nzima nilikuwa nimesubiri aseme kama atanipeleka altareni. Asubuhi ile alininyooshea tai yake nimfungie, nikamfungia, nikadhani ndiyo jibu. Haikuwa jibu. Ilikuwa tai tu.

Basi, kati ya watu wa getini, mmoja alivuka. Bibi. Amevaa shela yake nyeusi, fimbo mkononi, akapita katikati ya wenzake kana kwamba anapita kati ya matete, akaja hadi benchi la mbele, upande wa bwana harusi, akapiga goti. Mnajua inamchukua muda gani kupiga goti? Kwaya ilirudia kiitikio mara mbili. Akakaa. Na akina mama wawili wa chama chetu, siwataji, mmevaa sare ile ile leo, mkachukua mikoba yenu, mkainuka, mkahamia benchi la nyuma.

Bibi akabaki peke yake kwenye benchi la watu sita.

Padre anasema farakano lina sehemu mbili. Ya kwanza tunaijua sote, tunaipenda, tunawapiga nayo watu wa ghala kichwani kila Jumapili. Ya pili je? Kukataa ushirika na walio chini ya Baba Mtakatifu! Basi niambieni, nyie mliosoma kunizidi: Bibi aliyevuka geti na mama aliyehama benchi, nani kati yao alikataa ushirika? Mjomba aliyebaki nje na Baba aliyebaki amekaa, nani alikuwa karibu zaidi na altare? Miaka kumi na mitano tunabishana nani amejitenga, na siku moja tu, kwa saa moja, mbele ya macho yangu, mkajitenga wote, wa ndani na wa nje, mkaniacha mimi na Mama na Bibi na bwana harusi wangu katikati ya kanisa kama watu walioshushwa kituo kisicho chao!

Nimekasirika. Nilikasirika siku ile nikatabasamu kwa ajili ya picha. Leo hakuna mpiga picha.

Ni Mama Faili aliyekatisha lile jambo. Alikuwa kwenye meza ndogo ya mashahidi, na daftari lake la ndoa. Akaliacha wazi, kitu asichofanya kamwe, akaja akakaa karibu na Bibi. Akautoa mtandio wake mabegani, akajifunika kichwa kama mwenzake. Mama Faili, ambaye anaimba nyimbo zetu zote na kupiga makofi kuliko vijana! Walikaa tu, vichwa viwili vilivyofunikwa, na nilipofika mbele nilipata watu wa kuwaangalia. Nikasema "ndiyo" yangu nikiwa imara. Mume wangu alisema yake kwa sauti mpaka ikasikika getini.

Mama Faili, hiyo ndiyo shukrani yangu. Kuna watu wamesoma vitabu vikubwa kuhusu umoja wa Kanisa. Wewe uliinuka na goti bovu.

Sasa nimalizie, na hapa, Mwenyekiti, ndipo ulipoogopa kuniandikia dakika.

Jumamosi ijayo halmashauri yako inakaa. Kwenye ajenda, namba nne, umeweka hivi: kuanzia mwezi ujao familia zote za ghala zipewe fomu ya njano, yaani ziandikwe kama zisizo za Kikatoliki, kwa kila huduma, ubatizo wa watoto wao, ndoa zao, maziko yao. Umengoja Mama Faili astaafu. Umemleta karani mpya, binti mzuri, yule pale, usione haya mdogo wangu, kosa si lako. Na umemwambia atafuata maagizo. Askofu ameshasema kuhusu mtu mmoja, wewe unataka kuuliza tena kuhusu watu sitini, ukitumaini safari hii hakuna atakayepanda basi.

Na ile barua yako ya pingamizi bado imo kwenye faili letu la ndoa. Nilimwomba Mama Faili aitoe. Alinikatalia hata mimi. Alisema, "Karatasi ikiingia faili haitoki. Aliyeiandika peke yake anaweza kuandika chini yake kwamba ameondoa." Nilikasirika naye siku mbili. Siku ya tatu nikaelewa kwamba alikuwa anakutunzia nafasi.

Baba, nakuita Baba sasa, si Mwenyekiti. Faili lile litafunguliwa tena, na mapema kuliko unavyofikiri. Nimekwenda zahanati Jumanne. Mume wangu anajua, ndiyo maana tangu amefika anakunja na kukunjua ile ratiba. Mama, kaa kwanza, tafadhali, utakuja kunikumbatia, kaa kwanza.

Tutamleta mtoto kubatizwa hapa, Baba. Si ghalani, si parokia nyingine, hapa, kwenye kisima kile kile cha ubatizo. Karani mpya atavuta faili la wazazi, kama inavyotakiwa, na karatasi ya juu kabisa itakuwa mwandiko wako unaosema baba wa mtoto huyu si Mkatoliki. Ataangalia rafu yenye fomu nyeupe, ataangalia rafu yenye fomu za njano, atamtafuta wa kumuuliza, na atakutafuta wewe. Basi nakuuliza mimi kabla yake, mbele ya Padre, mbele ya rafiki yako wa kengele, mbele ya Mama: mjukuu wako ajaziwe fomu ya rangi gani?

Nasubiri.

Unaishika tai yako, Baba. Sawa. Sitaki jibu la haraka, la haraka uliwahi kuliandika. Na wewe Mjomba, swali lako ni hilo hilo kwa upande wa geti: siku hiyo nitahitaji mtu wa kumshika mtoto asilie, na aliye nje hawezi kumshika.

Mama Faili yupo hapa mpaka ukumbi ufungwe. Faili ameliweka kwenye meza ile ya zawadi, chini ya saa ya ukutani mliyomnunulia, na kalamu iko juu yake. Baba Paroko, Padre, wazee wangu, akina mama wa sare, ndugu wa mlangoni: nilipewa dakika saba nikachukua zangu, na nyote mmenisikiliza mpaka mwisho. Kwa hilo, asanteni sana.